Mfupa au Mpini? Uhakiki wa Namna Zana za Kale za Ishango Zinavyosomwa

1.0 Utangulizi

Si mbali na Kasindi, mahali Mto Semliki unapotoka katika Ziwa Edward, pana ukingo wa ardhi unaoitwa Ishango. Mwaka 1950 mtaalamu wa jiolojia kutoka Ubelgiji, Jean de Heinzelin de Braucourt, alichimba hapo, wakati eneo hilo likiwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Albert, ambayo leo ni Hifadhi ya Taifa ya Virunga. Miongoni mwa vitu alivyovipata kulikuwa na kipande kidogo cha mfupa cha rangi ya kahawia iliyokolea, chenye urefu wa sentimita 10 hivi, kilichojaa mikato midogo midogo ubavuni. Kwenye ncha yake moja kilikuwa kimepachikwa kijiwe cha kwatsi, jiwe gumu lenye makali. Kipande hicho kimehifadhiwa mjini Brussels, katika Taasisi ya Kifalme ya Ubelgiji ya Sayansi Asilia, na pengine kimeandikiwa mengi kuliko zana nyingine yoyote iliyotoka katika ardhi ya Kongo.

Wako wanaosema kwamba kipande hicho ni andiko la kwanza la hesabu duniani. Wako wanaosema ni kalenda ya mwezi. Wako pia wanaosema kwamba mikato hiyo ilitiwa ili mkono usiteleze, basi. Katika makala haya hatukusudii kumtangaza mshindi wa ubishi huo. Tunakusudia kuihakiki njia waliyoipitia wasomaji hao, na kuonyesha kwamba wengi wao wamekisoma kipande hicho kama andiko kabla ya kukisoma kama zana. Tutadai, zaidi ya hayo, kwamba jina ambalo kimepewa kwa Kiswahili, yaani “mfupa wa Ishango”, linachangia kosa hilo. Mwisho tutaonyesha kwamba zana nyingine za bonde hilohilo, hasa vyusa vya mfupa vya Katanda, ingawa hazina hata namba moja, zinatoa ushahidi mzito zaidi juu ya akili na utamaduni wa watu wa kale.

Huenda msomaji akauliza suala hili linawahusu nini wanafunzi wa isimu na fasihi. Jibu letu ni kwamba uhakiki, kama tunavyoufundisha katika madarasa ya fasihi, hauanzi na maana; huanza na matini yenyewe. Tunauliza kwanza imetungwa kwa nyenzo gani, katika muktadha gani, na kwa matumizi gani, ndipo tunapothubutu kusema inamaanisha nini. Hakuna sababu ya kuiacha kanuni hiyo eti kwa kuwa matini iliyo mbele yetu imechongwa badala ya kuandikwa. Aidha, suala hili linatugusa kwa karibu. Mwanafunzi wa Butembo au Beni aghalabu hukutana na Ishango kwa njia mbili tu: ama hasikii lolote, ama anaambiwa kwamba mababu zake ndio waliovumbua hesabu. Njia zote mbili zinamnyima nafasi ya kufikiri.

2.0 Bonde la Semliki na zana zake

Kabla ya kuhakiki tafsiri, ni muhimu tuyaweke bayana mambo yanayotafsiriwa. Bonde la Semliki, katika eneo dogo karibu na chanzo cha mto huo, limetoa zana za nyakati tatu zilizo mbali mno baina yao.

Za kwanza ni zile za Senga. Hapo timu ya J. W. K. Harris ilipata zana za mawe za mtindo ule unaojulikana kwa jina la Olduvai, na mwaka 1987 ikatangaza kwamba zina umri wa zaidi ya miaka milioni 2. Wataalamu walijadiliana baadaye kama tabaka la udongo zilimopatikana ndilo tabaka lake la asili, au kama zilihamishwa na maji; lakini mtindo wenyewe ni ule wa vipande vya mawe vilivyobanduliwa kwa kugonga jiwe juu ya jiwe.

Za pili ni zile za Katanda, kilomita chache kuteremka mto kutoka Ishango. Mwaka 1995 Alison Brooks, John Yellen na wenzao walitangaza katika jarida la Science kwamba wamepata hapo vyusa vya mfupa, vyenye vijino vilivyochongwa kwa uangalifu, pamoja na mifupa mingi ya kambare wakubwa. Umri waliotaja ulikuwa wa kama miaka 90,000. Tangazo hilo lilizua ubishi, kwa kuwa vyusa vya Ulaya vinavyofanana na hivyo havizidi miaka elfu ishirini na kitu, na kwa kuwa vyusa vya Ishango penyewe, vinavyofanana navyo kwa kiasi fulani, ni vya baadaye sana. Hata hivyo, umri huo ulipatikana kwa kulinganisha mbinu kadhaa za upimaji, si mbinu moja.

Za tatu ni zile za Ishango. Hubert Damas alikuwa ametangulia kuokota vyusa na mabaki ya watu hapo katika miaka ya 1930, kisha de Heinzelin akachimba kwa mpango na kuchapisha matokeo yake mwaka 1957, na tena mwaka 1962 katika jarida la Scientific American lililosomwa na watu wengi zaidi. Yeye alidhani kwamba makazi hayo yalikuwa na umri wa miaka elfu nane au tisa hivi. Vipimo vya baadaye viliusogeza umri huo nyuma hadi kati ya miaka 20,000 na 25,000. Pamoja na mpini wenye mikato, kulikuwa na vyusa vingi, mawe ya kusagia, mifupa ya samaki na ya wanyama. Kipande cha pili chenye mikato kutoka Ishango kilitangazwa baadaye, lakini ni cha kwanza kilichopata umaarufu.

3.0 Wasomaji wa mikato

Mikato ya kipande hicho imepangwa katika safu tatu. Hesabu iliyozoeleka ni hii: safu moja ya pembeni ina makundi ya mikato 11, 13, 17 na 19, safu nyingine ya pembeni ina makundi ya 11, 21, 19 na 9, safu ya kati ina makundi manane, yaani 3, 6, 4, 8, 10, 5, 5 na 7. Jumla ya kila safu ya pembeni ni 60. Jumla ya safu ya kati ni 48. Jumla kuu ni mikato 168.

3.1 Msomaji wa kwanza ni de Heinzelin mwenyewe. Katika safu ya kati aliona mchezo wa kuzidisha kwa mbili: 3 na 6, 4 na 8, kisha 10 na nusu yake 5. Katika safu yenye 11, 21, 19 na 9 aliona kumi na ishirini zikiongezwa au kupunguzwa moja. Katika safu ya 11, 13, 17 na 19 aliona namba tasa zote zilizo kati ya 10 na 20. Inafaa kusema kwamba yeye alikuwa mwangalifu kuliko wengi waliomfuata. Alipendekeza tu kwamba huenda ni mchezo wa hesabu. Walioondoa neno “huenda” ni wengine.

Hoja ya namba tasa ndiyo iliyovuma zaidi, na ndiyo dhaifu zaidi. Kati ya 10 na 20 kuna namba witiri tano tu: 11, 13, 15, 17 na 19. Nne kati ya hizo ni tasa. Mtu anayechagua namba witiri nne kati ya hizo tano, bila kujua lolote juu ya utasa, ana nafasi moja kati ya tano ya kuziangukia zote nne. Nafasi hiyo si ndogo kiasi cha kutulazimisha tuamini nia. Zaidi ya hayo, ili mtu aijue namba tasa hana budi kujaribu kuigawanya kwa namba nyingi zilizo chini yake na kutambua kwamba haigawanyiki. Kuongeza maradufu na kukata nusu, hata kama tukikubali kwamba vimo katika safu ya kati, hakutoshi kumfikisha hapo. Na hata hiyo safu ya kati haikamiliki: baada ya 10 na 5 zinabaki 5 na 7, ambazo hazina mwenzi.

3.2 Msomaji wa pili ni Alexander Marshack, katika kitabu chake The Roots of Civilization cha mwaka 1972. Yeye aliitazama mikato kwa hadubini, akaona kwamba inatofautiana kwa urefu na kwa mwelekeo, akapendekeza kwamba ni kumbukumbu ya mwezi iliyochukua karibu miezi sita. Marshack anastahili sifa kwa jambo moja kubwa: alikitazama kifaa chenyewe badala ya kuridhika na orodha ya namba. Lakini hesabu yake haina mipaka ya kutosha. Mwezi mwandamo una siku 29 na nusu. Miezi miwili ni siku 59, si 60. Na mikato 168 ni sawa na miezi mitano na siku ishirini hivi. Pengo dogo linaweza kuelezwa kwa usiku wa mawingu, na pengo kubwa kwa kumbukumbu iliyokatizwa njiani. Nadharia ambayo kila namba inaweza kuingia ndani yake haijathibitishwa na namba yoyote.

3.3 Msomaji wa tatu ni Claudia Zaslavsky, mwalimu wa hesabu wa Marekani aliyeandika Africa Counts mwaka 1973. Yeye aliuliza: kama ni kumbukumbu ya mwezi, ni nani aliyekuwa na haja ya kuiweka? Akadokeza kwamba huenda alikuwa mwanamke aliyefuatilia siku zake. Jibu hilo haliwezi kuthibitishwa. Swali lake, hata hivyo, ndilo bora kuliko yote yaliyoulizwa, kwa sababu linamrudisha mtumiaji wa zana katika mjadala. Wasomaji wengine walizungumza kana kwamba mikato ilijichonga.

3.4 Mwaka 1999 Vladimir Pletser na Dirk Huylebrouck walipendekeza kwamba mikato inaonyesha mfumo wa kuhesabu kwa misingi ya sita na kumi na mbili, na kati ya hoja zao walizitaja lugha za Nigeria ya kati ambazo hadi karne ya ishirini zilihesabu kwa kumi na mbili. Hapa mwanaisimu hana budi kusimama. Mbinu linganishi, ambayo ndiyo nguzo ya isimu historia, hupungua nguvu kadiri tunavyorudi nyuma, na wengi wetu tunakubali kwamba baada ya miaka elfu kumi hivi haina tena la kusema kwa uhakika. Kuunganisha maneno ya namba ya karne ya ishirini na mikato ya miaka 20,000 iliyopita ni kuruka shimo ambalo hatujui upana wake.

Wasomaji hawa wanatofautiana katika majibu, lakini wengi wao wanafanana katika jambo moja. Wameutenga ubavu wenye mikato na ncha yenye kwatsi. Wameuchukua ubavu kama ukurasa, wakaiacha ncha kama pambo. De Heinzelin mwenyewe alikuwa ameandika waziwazi kwamba kitu hicho ni mpini wa zana, na kwamba huenda kijiwe kile kilitumika kuchora au kuchanja. Maelezo hayo yamekuwa yakirudiwa katika vitabu kama taarifa ya pembeni, kisha mjadala unarudi kwenye namba.

4.0 Jina na athari yake

Kiswahili kimeipokea zana hii kutoka katika lugha za Ulaya, ambazo huiita ama mfupa ama fimbo ya Ishango. Tafsiri ikafuata: “mfupa wa Ishango”. Je, kuna ubaya gani? Kwani si mfupa kweli?

Ni mfupa, kama vile jembe lilivyo chuma na mtumbwi ulivyo mti. Lakini Kiswahili hakina desturi ya kuziita zana kwa jina la malighafi yake. Desturi yake imara ni kuziita kwa jina la tendo. Kutokana na kitenzi noa tunapata kinoo. Kutokana na fagia tunapata ufagio. Funika hutoa kifuniko. Fungua hutoa ufunguo. Chana hutoa chanuo. Ziba hutoa kizibo. Hatusemi “jiwe” tukimaanisha kinoo, wala hatusemi “njukuti” tukimaanisha ufagio. Lugha imelihifadhi tendo ndani ya jina la chombo, hivi kwamba anayelisikia jina anajua mkono unafanya nini. Kwa sababu hiyo, tunapokiita kitu hiki “mfupa”, tunakiondoa katika jamii ya zana na kukiweka katika jamii ya masalio. Masalio huangaliwa na kufasiriwa. Zana hushikwa na kutumiwa.

Pendekezo letu ni jepesi: kiitwe mpini wa Ishango. Neno mpini ni la kale katika Kibantu, na maneno yenye mzizi mmoja nalo yanapatikana katika lugha nyingi za familia hiyo. Kila mkulima wa Butembo analijua jambo lenyewe, maana hakuna anayenunua jembe bila kuufikiria mpini wake. Jina hilo halimlazimishi msomaji akubali nadharia yoyote ya mikato. Linamlazimisha aulize maswali ya mpini: ulishikwa vipi? Ulitumika kufanyia kazi gani? Mikato ilitiwa kabla ya kijiwe kupachikwa au baadaye, mara moja au siku baada ya siku? Ikiwa kweli kijiwe kilikuwa cha kuchorea, basi tuna zana ya kutia alama ambayo yenyewe imetiwa alama, na uhusiano wa mambo hayo mawili ni swali linalostahili kuulizwa kabla ya swali la namba tasa.

Kuhusu mikato yenyewe, tunapendekeza iitwe alama hadi ushahidi uturuhusu kuiita namba. Mtu anaweza kutia mkato mmoja kwa kila mbuzi apitaye mlangoni bila kuwa na neno lolote la namba. Kinachohitajika ni ulinganifu wa kitu kimoja na alama moja. Kukusanya mikato katika makundi ni hatua zaidi, kwa kuwa kunaonyesha kwamba mtu aliona haja ya kutenganisha. Hilo ni jambo kubwa kwa historia ya akili: kumbukumbu imetolewa kichwani na kuwekwa mahali ambapo mtu mwingine anaweza kuiona. Hatuhitaji kuongeza chumvi ili liwe kubwa.

5.0 Zana, lugha na akili

Nadharia zinazounganisha zana na lugha ni nyingi. Mwaka 1991 Patricia Greenfield alidai kwamba eneo moja la ubongo hushughulikia mpangilio wa maneno katika sentensi na mpangilio wa vitu katika utendaji wa mikono, angalau katika umri wa mapema wa mtoto. Mwaka 2015 Thomas Morgan na wenzake walichapisha jaribio ambalo ndani yake watu zaidi ya 180 walijifunza kubandua mawe kwa mtindo wa Olduvai. Waliofundishwa kwa maneno walifanya vizuri kuliko walioiga tu kwa macho. Wengi wamelisoma jaribio hilo kama ushahidi kwamba zana za mawe ndizo zilizoisukuma lugha. Tunaona kwamba linathibitisha kitu kidogo zaidi. Wanafunzi wa jaribio walikuwa tayari ni watu wenye lugha. Walionyesha faida anayoipata mwenye lugha akiitumia, si njia ambayo asiye nayo aliipitia ili kuipata.

Wakati huohuo, jiwe lililobanduliwa limepoteza sehemu ya heshima yake ya zamani. Mwaka 2015 timu ya Sonia Harmand ilitangaza zana za Lomekwi, magharibi mwa Ziwa Turkana nchini Kenya, zenye umri wa miaka milioni 3.3, yaani za zamani kuliko mabaki yoyote ya jenasi ya binadamu yanayojulikana. Mwaka 2016 watafiti walionyesha kwamba kima wa porini nchini Brazil, wanapogonganisha mawe kwa sababu zao, hubandua vipande vyenye makali bila kuvikusudia wala kuvitumia. Mambo hayo mawili yanalitikisa jina ambalo Louis Leakey, Phillip Tobias na John Napier walimpa mwaka 1964 kiumbe wa Olduvai, jina la Kilatini lenye maana ya mtu stadi wa mikono. Jina hilo lilidhani kwamba ustadi na ubinadamu vilizaliwa siku moja. Hapa pia jina lilitangulia, na usomaji ukalifuata.

Je, tuachane basi na zana kama ushahidi wa akili? La. Tunachohitaji ni vigezo. Tunapendekeza vitatu: idadi ya hatua kati ya malighafi na zana iliyokamilika; muda kati ya kuitengeneza na kuitumia; na urejeo, yaani kama umbo lilelile linajitokeza tena na tena kwa vizazi.

Kwa vigezo hivyo, chusa cha Katanda kinalishinda jiwe la Senga kwa mbali. Mfupa wa mnyama mkubwa ulipasuliwa, ukachongwa na kusuguliwa, ukakatwa vijino kimoja baada ya kingine, vyote vikielekea nyuma ili samaki asichomoke. Chusa hakina kazi kikiwa peke yake. Kinahitaji mti wa kukibeba na kamba au utomvu wa kukifunga. Anayekichonga anafanya kazi leo kwa ajili ya samaki wa siku nyingine. Na samaki gani? Wachimbaji waliona kwamba mifupa ya kambare wa Katanda ni ya samaki wakubwa waliokomaa, wakaifasiri kuwa ya kambare waliovuliwa msimu wanapoingia katika maji ya kina kifupi kuzaliana. Ikiwa fasiri hiyo ni sahihi, watu hao waliujua msimu, wakaungojea, wakarudi mahali palepale. Kalenda yenye ushahidi imara zaidi katika bonde la Semliki, basi, imo katika mifupa ya kambare, si katika mikato ya mpini.

Kigezo cha urejeo kinakamilisha hoja. Vyusa vya Ishango ni vingi, na de Heinzelin aliona kwamba vya matabaka ya chini vina safu mbili za vijino, na vya matabaka ya juu vina safu moja. Badiliko hilo ni la polepole na lina mwelekeo. Ili umbo lidumu hivyo kisha libadilike hivyo, sharti mtu afundishwe na mtu, na sharti mwanafunzi awe na uhuru kidogo wa kurekebisha. Huko ndiko tunakoita mapokeo, na ndiyo maana halisi ya utamaduni. Waswahili husema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Methali hiyo inakisifu kisu, lakini haimtaji aliyemfundisha mwenye kisu kunoa. Mwanahistoria wa akili hana budi kumtafuta mwalimu huyo, na vyusa vinamwonyesha vizuri zaidi kuliko mpini mmoja, au miwili, yenye mikato.

6.0 Fahari na ukweli

Inabaki hoja nyeti ya fahari. Waandishi wengi wa Kiafrika, na marafiki wa Afrika, wameupokea mpini wa Ishango kama jibu kwa dharau ya wakoloni. Tunaielewa sababu yao. Elimu ya kikoloni ilifundisha kwamba Mwafrika alipewa hesabu na mgeni, na uongo huo ulihitaji kujibiwa. Lakini mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Hoja nzuri ikisifiwa kupita kiasi, hupunguzwa nguvu na wanaoisifu.

Kwanza, watu wa Ishango hawakuwa Wabantu. Kuenea kwa lugha za Kibantu kutoka mpaka wa Nigeria na Kamerun kulianza miaka 4,000 hadi 5,000 hivi iliyopita. Kinande kinachozungumzwa leo Butembo, Beni na Kasindi kiliufikia ukingo wa Semliki miaka mingi mno baada ya mpini kufukiwa. Kusema “mababu zetu walihesabu hivi” ni kuunganisha nasaba bila ushahidi.

Pili, de Heinzelin alipendekeza kwamba vyusa, na pamoja navyo maarifa ya namba, vilisafiri kutoka Ishango kufuata Mto Nile hadi Misri. Dai hilo linapendeza, na bado linarudiwa. Lakini lilijengwa juu ya umri wa miaka elfu nane au tisa. Umri uliposogea hadi 20,000 na zaidi, pengo kati ya Ishango na Misri ya Mafarao lilipanuka kufikia miaka kama elfu kumi na tano au zaidi, na hakuna mnyororo wa alama unaolijaza. Inashangaza kwamba wengi wameupokea umri mpya kwa furaha kwa kuwa unaongeza ukale, bila kuona kwamba unaivunja hoja ya safari ya namba.

Tatu, historia ya lugha yetu wenyewe inatufundisha kwamba kuazima namba si aibu. Moja, mbili, tatu, nne, tano, nane na kumi ni za Kibantu. Sita, saba na tisa zimetoka katika Kiarabu, na zimelisukuma kando neno kenda ambalo wazee walilitumia kwa tisa. Hakuna Mswahili anayejiona mpungufu wa akili kwa sababu anasema sita. Maneno ya namba ni zana, na zana husafiri. Watu ambao hawaoni haya kuazima hawana haja ya kuthibitisha kwamba walivumbua kila kitu kwanza.

Fahari inayostahili ni ya aina nyingine: kwamba bonde moja, mwendo wa siku moja kwa miguu, limehifadhi zana kuanzia kwa wabanduaji wa mawe hadi kwa wavuvi waliofundishana kuchonga vyusa. Fahari hiyo haidai nasaba. Inadai utunzaji na elimu.

7.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba usomaji wa Ishango umepotoka kwa kuanzia kwenye maana badala ya kuanzia kwenye zana, na kwamba jina la Kiswahili limeuimarisha upotovu huo. Tunapendekeza mambo matatu.

La kwanza ni la istilahi: mpini badala ya mfupa, alama au mikato badala ya namba, na neno chusa, ambalo Kiswahili cha pwani kinalo tangu zamani, lifundishwe bara badala ya maelezo marefu yanayotumiwa vitabuni.

La pili ni la ufundishaji: mwanafunzi apewe makundi yote kumi na sita ya mikato, kisha aombwe azihakiki tafsiri zilizokwisha kutolewa, badala ya kupewa tafsiri moja aikariri. Zoezi hilo linafaa darasa la hesabu, la historia na la uhakiki wa fasihi vilevile.

La tatu ni la utafiti. Tangu mwaka 2014 mauaji ya raia katika eneo la Beni yamezifanya safari za kitaaluma kuwa ngumu mno, na uchimbaji mkubwa hauko katika uwezo wa idara zetu. Lakini kuna kazi inayowezekana. Wavuvi wa Kyavinyonge na Vitshumbi wanayo maneno ya misimu ya samaki, ya sehemu za ndoana na nyavu, ya namna za kufunga na kupachika, kwa Kinande na kwa Kiswahili cha ziwani. Msamiati huo hautatuambia watu wa Ishango walisema nini. Utatuonyesha jinsi jamii ya wavuvi inavyopanga maarifa yake, na ni kiasi gani cha maarifa hayo hubaki mkononi bila kuingia katika neno lolote. Mwanaisimu akiukusanya sasa, atakuwa na kipimo cha kujaribia nadharia za zana na akili, ambazo hadi leo zimejaribiwa zaidi katika maabara za mbali kuliko kando ya ziwa lenyewe.